Kopo la Kostiki

Minza, binti wa mwanamke aliyenipa kazi ujanani, alinipigia simu nikiwa Mpanda, ndani ya ghala la alizeti, na kwa kuwa mashine ilikuwa inanguruma nilimwambia apige baadaye. Alipopiga tena alisema neno moja tu, "mama," nikaelewa. Nilifika Mwanza siku mbili baada ya mazishi. Ua wa Igogo niliukuta umefunikwa turubai, wanaume wamekaa upande wa barabara kwenye viti vya kukodi wakibishana kama daraja la Busisi limewaua wafanyabiashara wa Sengerema au limewafufua, na wanawake wako bombani wanasugua masufuria ya msibani. Nilisalimia, nikapewa kikombe cha chai ya rangi, nikakaa kwenye ngazi ya stoo, mahali palepale nilipokuwa nikikaa nilipokuwa na miaka ishirini. Niliangalia walichokuwa wanasugulia. Ilikuwa sabuni ya unga ya paketi. Katika nyumba ile, ambayo sabuni ilichemka uani kwake kwa miaka isiyopungua ishirini na mitano, watu walikuwa wanamfanyia marehemu usafi kwa sabuni ya dukani. Minza alisema mama aliacha kupika sabuni miaka sita iliyopita, mgongo ulipokataa. Nilinusa ukuta wa stoo. Harufu ya mchaichai na mafuta ya sangara ilikuwa bado imo.

Ya nyumbani kwetu nayaacha. Inatosha kusema niliacha shule kidato cha pili kwa miguu yangu mwenyewe, bila kufukuzwa na mtu, na kwamba nilifika Mwanza juu ya lori la pamba nikiwa na nia ya kupanda meli ya Bukoba wiki ileile. Nilikaa karibu mwaka mzima. Sababu ilikuwa Mama Minza. Siku ya pili tangu nifike nilipita nyuma ya ua wake nikamwona anamimina kitu cheupe kama chumvi ndani ya ndoo ya maji baridi, na ndoo ikaanza kutoa moshi. Hapakuwa na moto popote. Nilisimama nikamwuliza moto umetoka wapi. Aliendelea kumimina. Nikauliza kwa nini anamimina kitu ndani ya maji na si maji juu ya kitu. Akageuka akaniangalia, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mpiga kasia, akasema msichana wake wa kukoroga jana ameolewa Magu, na kama nina nguvu ya mikono kama niliyo nayo ya mdomo, nivue viatu niingie. Kufikia jioni nilikuwa nimeuliza mengi mno, akanipa jina ambalo hadi leo watu wa Igogo hunijua kwalo. Aliniita Kwanini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mafuta yalitoka kwa Magesa, Mjita aliyekuwa na masufuria yake Mwaloni, kwenye soko la samaki. Viwanda vya minofu vilikuwa vimefunguliwa kando ya ziwa kimoja baada ya kingine, vikipeleka nyama nyeupe ya sangara Ulaya na kutuachia mapanki, yaani vichwa na mifupa, na mafuta ya tumboni. Wanawake waliyakaanga mapanki wakayauza. Magesa aliyeyusha mafuta, akayachuja kwa kitambaa, akayaleta kwenye madebe. Sisi tuliyapasha moto, tukamimina maji ya kostiki, kile kitu cheupe cha siku ile, yakiwa yamepoa, tukakoroga kwa mwiko mrefu hadi mwiko uache njia nyuma yake na njia isijifunike. Hapo tulitia mchaichai uliotwangwa, tukamwaga kwenye fremu za mbao. Kesho yake tulikata miche kwa waya, tukaipanga kwenye chaga za stoo. Baada ya wiki tatu Mama Minza aliingia, akachukua mche mmoja, akaulamba ubavuni kwa ncha ya ulimi kama mtu anayeonja mchuzi. Ukiuma aliurudisha. Usipouma alisema, "Watu waoge," na mzigo ukatoka. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chetu cha mwisho. Kipimo cha mwanzo kilikuwa kopo la maziwa ya unga lililochubuka maandishi: debe moja la mafuta, makopo matano ya kostiki, yaliyojaa hadi mdomoni. Niliuliza kwa nini matano. Aliniambia matano kwa sababu manne hayagandishi, alijaribu, na huo ndio mwisho wa maswali ya leo.

Magesa akileta mafuta ilikuwa kama sherehe. Alikuwa mrefu, mwenye meno ya mbele yaliyoachana, na hakuwahi kutua debe bila kututukana kwanza. Alisema Wasukuma tunapika sabuni kama tunavyopika ugali, tunangoja mwiko usimame wenyewe ndipo tuamini. Mama Minza alimjibu kwamba Mjita ni mtu anayekuuzia samaki akabaki na samaki. Kisha tulikula wote. Chakula chetu cha mchana kilikuwa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, au ugali na dagaa, na Magesa alipenda kukaa mahali upepo unapompitishia moshi wa mchaichai, akisema ni dawa ya mafua. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu enzi za kibali, na niliposikia wakizungumza nilielewa kwamba ile biashara ilikuwa yao wawili, ingawa jina lilikuwa la mmoja.

Kostiki ilitoka mjini, kwenye duka la familia moja ya Kihindi iliyokuwa Mwanza tangu babu zao. Mimi ndiye niliyetumwa, na huko nilimkuta Nirmala. Alikuwa na umri wangu, amemaliza kidato cha nne, anangoja mipango ya ndoa ikamilike Nairobi, na amechoka kungoja kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Siku ya kwanza nilimwuliza jina la kile kitu cheupe kwa kitaalamu. Aliniambia, kisha akanitazama kama aliyepata maji jangwani, akaniuliza kama nataka kuona. Toka siku hiyo kila nilipofika aliniingiza nyuma, jikoni, kwa bibi yake waliyemwita Ba, na juu ya meza ya kukandia unga alifungua kitabu chake cha kemia. Kilikuwa cha Kiingereza. Alinisomea mstari mmoja kwa Kiingereza na mitano kwa Kiswahili.

Nakumbuka jiko lile kuliko vyumba vingi nilivyolala baadaye. Kulikuwa na dirisha dogo lililotazama jabali, na juu ya jabali mijusi yenye vichwa vyekundu ikiota jua. Kulikuwa na harufu ya dengu na siagi iliyoyeyushwa. Ba alikaa kwenye kigoda akisukuma chapati nyembamba, hakuzungumza Kiswahili kingi, lakini kila nilichouliza mimi alitaka atafsiriwe. Hapo ndipo Nirmala aliponiambia kuhusu chumvi. Alisema kuna madini laini kama siagi ambayo ukiyatupa majini yanawaka, na kuna hewa ya kijani ambayo ukiivuta inakuchoma mapafu. Ukiviunganisha vinakuwa chumvi ya mezani. Nikamwuliza yale madini yako wapi sasa ndani ya chumvi. Akasema yamo, lakini si yale tena. Hiyo ndiyo maana ya kampaundi, alisema: vitu viwili vimeungana, na kilichozaliwa hakina tabia ya baba wala ya mama. Nilichukua chumvi kidogo nikaiweka mkononi nikaitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeila maisha yangu yote. Nimesikia watu wakieleza siku walipookoka, na hunikumbusha mchana ule na ile chumvi mkononi.

Siku nyingine Ba alikuja na sari nyeupe yenye doa la manjano, akalisugua kwa mche wetu. Doa likageuka jekundu kama damu. Niliruka, nikadhani tumeharibu nguo ya watu. Ba alicheka mpaka akashika kiuno, akakamua ndimu juu ya doa, na lile doa likarudi manjano mbele ya macho yangu. Nirmala alinieleza kwamba manjano ni shahidi. Mahali penye besi, kama sabuni na kostiki, yanakuwa mekundu. Tia asidi, kama ndimu, hizo mbili zinauana, na asidi ikishinda manjano yanarudi rangi yake. Nilitaka kujua inahitajika ndimu kiasi gani. Nirmala alisema inategemea besi ni kali kiasi gani, kila tone la asidi linaondoka na sehemu yake ya besi, hakuna bure. Mara nyingine tena alichukua chokaa ya Ba ya tambuu, akaikoroga kwenye maji, akaacha ituame, akamimina maji yaliyokuwa safi kwenye glasi, akanipa mrija.

"Puliza," alisema.

Nikapuliza. Maji safi yakawa meupe kama maziwa. Akaniambia ni pumzi yangu, hewa fulani iliyomo kwenye pumzi, imeishika ile chokaa na kuigeuza kitu kingine. Kwa siku tatu nilipulizia kila kitu pale uani, mpaka Mama Minza akauliza kama nimepata pumu.

Ule ulikuwa mwaka wa ruksa, serikali ilipoachia watu binafsi waagize bidhaa. Vitu vilikuwa vinaingia ambavyo hatukuwahi kuviona: viatu vya mitumba, redio za betri, mafuta ya kujipaka ya aina thelathini. Kostiki nayo ilibadilika. Zamani, kwa maelezo ya Mama Minza, ilitoka kwenye kampuni ya umma kwa kibali, ikapita maghala matatu, na pipa lilifika likiwa limefunguliwa kila lilipolala. Ilikuwa mapande ya kijivu yenye unyevu, tukiyavunja kwa nyundo. Pipa la mwisho la namna hiyo lilikwisha muda mfupi baada ya mimi kuzoea kazi. Lililofuata baba yake Nirmala aliliagiza mwenyewe. Lilikuja na kifuniko cha chuma kilichobanwa, na ndani mfuko mzito, na ndani ya mfuko vigamba vyeupe, vikavu, vinavyong'aa. Niliufungua mimi. Nilifurahi kwa uzuri wake. Nikachota makopo matano, yaliyojaa hadi mdomoni, kama nilivyofundishwa, na ndoo ikatoa moshi mwingi kuliko siku zote. Niliona moshi. Sikuuliza. Mimi, mtu wa kuuliza kila kitu, siku hiyo sikuuliza, kwa sababu nilikuwa napenda kuutazama.

Wiki nne baadaye alikuja Mama Teddy. Alikuwa mfuaji. Alifulia familia saba, kwenye mawe ya Kirumba, na watoto wake watatu walikula kwa mikono ile. Hakupiga kelele. Aliingia uani, akasalimia, akakaa kwenye benchi, akaiweka mikono yake juu ya meza yetu ya kukatia miche, viganja juu. Ngozi ilikuwa imechubuka kati ya vidole na kwenye mikunjo, imepasuka, mahali pengine inatoa maji. Mama Minza aliketi mbele yake.

"Ni sabuni yangu?"

"Sijatumia nyingine," alisema Mama Teddy. "Siku ya kwanza laini kabisa. Ya pili pia. Ya tatu nikaanza kuwashwa, nikasema labda jua. Sasa siwezi kushika hata mwiko. Niambie ukweli, mama Minza, umenitilia nini?"

Mama Minza aliinama akaitazama ile mikono. Mimi nilikuwa nimesimama na mwiko. Mama Teddy alisema jambo moja tu zaidi. Alikuwa na siku chache kabla wateja wake hawajatafuta mtu mwingine, na akishawapoteza hao hana mwingine wa kumrudia. Kisha akaondoka akiwa amekunja mikono kifuani kama mtu anayebeba mtoto mchanga.

Wanawake wengine wawili walikuja juma lile na malalamiko yaleyale. Na hapo ndipo nilipoona jinsi hofu inavyotafuta mtu. Mjini kulikuwa na maneno kwamba viwanda vya samaki vinachovya mabaki kwenye dawa ili yasioze, ukweli au uongo sijui, na Mama Minza akayaunganisha maneno hayo na masufuria ya Magesa. Magesa alipokuja na madebe yake akasimamishwa mlangoni. Hapakuwa na utani siku hiyo. Mama Minza alimwambia mafuta yake yameunguza watu na asilete tena. Magesa aliuliza yameunguza vipi wakati yeye anayakaangia dagaa nyumbani kwake. Mama Minza alisema hilo anajua yeye na anaowahonga huko viwandani. Magesa alimtazama mwanamke aliyekuwa amekula naye michembe miaka yote ile, akabeba madebe yake akaondoka bila tusi hata moja. Kufikia Ijumaa wapikaji wengine watatu wa sabuni walikuwa wamemwacha. Neno la Mama Minza lilikuwa na uzito Mwaloni.

Sikuamini, lakini kutoamini kwangu hakukuwa na miguu. Kilichonikaa kichwani ni maneno ya Mama Teddy: siku ya kwanza laini, ya tatu inaunguza. Nilikuwa natafuna mchembe asubuhi, nimekaa kwenye ngazi ya stoo, nikijiuliza sabuni inawezaje kuwa na siku. Mche hauna siku. Mche una nje na una ndani. Siku ya kwanza unafulia kwa nje, ya tatu umeshafika ndani. Nikaacha kutafuna. Nje ya mche inaguswa na nini ambacho ndani hakiguswi? Hewa. Wiki tatu nzima juu ya chaga, hewa. Ile hewa iliyogeuza maji ya chokaa kuwa maziwa. Kama hewa inaipoza kostiki iliyobaki kwenye ngozi ya mche, basi Mama Minza alikuwa analamba ngozi iliyopozwa na kutangaza watu waoge. Na kama hewa inaipoza kostiki, je, yale mapipa ya zamani, yaliyofunguliwa ghala baada ya ghala, yalifika kwetu yakiwa na nguvu gani? Matano kwa sababu manne hayagandishi. Alijaribu, ndiyo, lakini alijaribu kwa kostiki iliyochoka. Nilinyanyuka nikaenda kwenye stoo, nikapindua pipa la zamani, nikakuta chini yake pande moja la kijivu, gumu, saizi ya ngumi. Nililishika kwa kitambaa. Nilijua ninachotakiwa kufanya, na nilijua pia kwamba nikikifanya, mkono uliomimina makopo yale utaonekana ni wangu. Nilitembea hadi mjini kwa Nirmala bila kusimama.

Tulifanya kesho yake mchana, pale pale uani. Nirmala alikuja kwa miguu, jambo ambalo kwao halikuwa dogo, akiwa amebeba ndimu na manjano ndani ya kopo la chakula la Ba. Nilimwita Mama Teddy. Mama Minza nilimwambia nina jambo la kumwonyesha na nikishindwa nitapanda meli kesho. Aliketi akiwa amekunja uso. Niliponda pande la zamani, nikatia nusu kijiko kwenye glasi moja yenye maji, na nusu kijiko cha vigamba vipya kwenye glasi ya pili, maji sawasawa. Nikatia manjano kidogo kila moja. Zote zikawa nyekundu kama tofali. Nikasema ndimu inapigana na kostiki, na wekundu ukiondoka ujue kostiki imekwisha. Nikaanza na ile ya zamani, kijiko kimoja kimoja cha maji ya ndimu, na Mama Minza, ambaye hakuwa ameombwa, akaanza kuhesabu kwa sauti. Cha nne ikaanza kuchemka vipovu pembeni. Nirmala akasema kwa sauti ndogo kwamba ile ndiyo pumzi iliyokuwa imeingia, sasa inatoka. Cha saba ikawa manjano.

Nikahamia ya pili. Ilikuwa kimya, hakuna povu. Saba ikapita, bado tofali. Tisa. Mama Teddy alikuwa amesimama. Kumi. Cha kumi na moja ndicho kilichoirudisha. Mama Minza aliacha kuhesabu, akabaki na midomo imefunguka kwenye namba ile.

"Kosa si mafuta," nilisema. "Hii mpya haijawahi kupumua. Makopo matano ya hii ni kama manane ya ile. Na niliyemimina ni mimi."

"Uongo. Mimi nimelamba," alisema. "Kila mche nilioutoa nimelamba."

"Umelamba nje, mama."

Mama Minza akainuka. Akaingia stoo, akatoka na mche na panga, akauweka juu ya meza palepale mikono ya Mama Teddy ilipokuwa imelala, akaupasua katikati. Akainua nusu moja akailamba kwa ndani. Niliona macho yake yakijaa maji. Hakuondoa ulimi. Aliuweka pale kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote angehitaji ili kujua, akimwangalia Mama Teddy wakati wote, na alipoondoa alienda bombani akasukutua kinywa mara nyingi. Aliporudi alichukua kopo na msumari. Aliniuliza mstari upite wapi. Tukakadiria, kama theluthi moja chini ya mdomo, naye akakwaruza mwenyewe ndani ya bati, kwa nguvu, mpaka sauti ile ikatuumiza meno. Halafu akajifunga kitenge cha pili akasema anakwenda Mwaloni.

Nilimfuata kwa nyuma, sikuweza kujizuia. Magesa alikuwa kwenye masufuria yake, katikati ya wanawake wanaokaanga mapanki, na alimwona akija akaendelea kukoroga. Mama Minza alisimama mbele yake. Alisema, kwa sauti ambayo wote waliokuwa pale waliisikia, kwamba mafuta ya Magesa hayana kosa, kosa ni la kopo lake, na aliyesikia lile neno la kwanza alisikie na hili. Magesa alikoroga. Alikoroga kwa muda ambao wanawake wawili waliacha samaki wao waungue. Kisha akauliza bila kuinua macho, "Debe mbili au tatu?" Mama Minza akasema tatu. Magesa akasema Wasukuma wana pupa. Nilijua hapo kwamba yamekwisha.

Ya Mama Teddy hayakwisha kwa maneno. Miche yote iliyobaki tuliikatakata tukaichemsha upya pamoja na mafuta mapya ili kostiki iliyozidi ipate cha kushika. Lakini kwa wiki tatu zilizofuata, kila asubuhi, Mama Minza na mimi tulikwenda kwenye mawe ya Kirumba tukafua nguo za familia zile saba. Watu walisimama kuangalia. Mwenye sabuni, aliyekuwa na wasichana wa kumkorogea, alikuwa amepiga magoti kwenye jabali, maji ya ziwa yanampiga mapajani, anasugua shuka za watu wengine. Mama Teddy alikaa juu ya jiwe kubwa, mikono imepakwa mafuta ya ng'ombe na kufungwa vitambaa, akisimamia. Alikuwa msimamizi mkali. "Kola, mama Minza. Hiyo kola haijatakata." Na Mama Minza alirudia kola. Hakuna mteja hata mmoja aliyepotea. Kwangu mimi alisema jambo moja tu kuhusu ile siku ya glasi mbili, tukiwa njiani kurudi na mabeseni kichwani. Alisema nilimharibia siku nzima ya kazi.

Niliondoka kabla mwaka haujafika mwisho. Nirmala alikwenda kuolewa, akaniachia kitabu, na jikoni bila yeye palikuwa mahali pa kupikia tu. Nikapanda lori, nikavuka Busisi kwa pantoni, na toka hapo nimefanya kazi nyingi na kulala miji mingi. Nimechoma chokaa, nimejaza betri asidi, nimekamua alizeti. Watu hunihurumia kwa kukosa shule. Huwa siwaeleweshi. Kitu kimoja nilikuwa nimekishika kwa uhakika na sikuhitaji cheti kukishika: kipimo kinazaliwa na kitu kilichopimwa siku ile, na kitu kikibadilika kipimo hakijui, lazima mtu aende akakiambie. Lakini sikuwahi kujua kama Mama Minza aliamini glasi zangu au aliamini ulimi wake tu. Nilipopita Mwanza miaka ya baadaye tulizungumza habari za wajukuu.

Siku ya tatu ya kukaa kwangu msibani, watu walipokwisha kupungua, Minza alikuwa anapima mchele wa jioni. Alikuwa anauchota kwa kopo la bati lisilo na maandishi. Nikamwomba anionyeshe. Nililipeleka mlangoni penye mwanga. Ule mstari wetu ulikuwapo, wa kina, uliokwaruzwa kwa hasira. Juu yake palikuwa na mwingine. Chini yake mwingine, na mwingine, mingine imekaribiana kama mistari ya kiganja, mingine imefutwa kwa msumari na kuandikwa upya, toka karibu na mdomo hadi nusu ya kopo. Sikuweza kuihesabu yote. Minza aliniambia kila pipa jipya la kostiki lilipoingia, mama alimtuma sokoni ndimu, akajifungia stoo, hataki mtu, akasikika anahesabu peke yake. Akitoka analikwaruza kopo.

"Tulidhani ni dawa ya biashara," alisema. "Baba mdogo alikuwa anasema amepewa na mganga wa Bujora. Wewe ulikuwa unajua?"

Nikamwambia aache mchele kwanza, aniletee ndimu, manjano, glasi na ile sabuni yao ya paketi, na aje akae hapa penye mwanga.